Kutoka Stesheni Hadi Baharini: Tadbiri ya Ziara ya Baa Mjini Brighton

Miongoni mwa desturi walizozishika Waingereza kwa vizazi vingi, na ambazo mgeni aliyekwenda kwao kwa masomo au kwa kazi hakosi kualikwa kuzishiriki, imo ile ya kundi la marafiki kukutana alasiri ya siku ya mapumziko na kutembea kwa miguu kutoka baa moja hadi nyingine, wakiburudika kidogo hapa na kidogo pale, wakizungumza njia nzima, mpaka usiku uwakute mbali na pale walipoanzia. Wako wanaoidharau desturi hii kwa kudhani kuwa ni mashindano ya ulevi, na sikatai kwamba wamo vijana walioigeuza ikawa hivyo. Ila mwenye kuitazama kwa utulivu atakuta kwamba asili yake ni matembezi na mazungumzo, na kwamba huwa njema au mbaya kwa kadiri ya akili iliyotumika kuipanga kabla mtu wa kwanza hajashika glasi. Kwa hiyo maneno haya nayaelekeza kwa mpangaji: yule ambaye kazini au chuoni amekubali mbele ya wenzake kwamba Jumamosi fulani atawapeleka watu wanane au kumi mjini Brighton, na sasa, furaha ya ahadi ikiwa imepoa, anawaza aanzie wapi.

Brighton iko katika pwani ya kusini ya Uingereza, na treni ya moja kwa moja kutoka stesheni ya Victoria, London, huifikia kwa muda wa saa moja hivi. Ilikuwa mji mdogo wa wavuvi mpaka katikati ya karne ya 18, wakati tabibu mmoja wa mji jirani wa Lewes, Richard Russell, alipochapisha mwaka 1750 risala kwa lugha ya Kilatini akiyasifu maji ya bahari kuwa ni dawa ya maradhi ya tezi, na wenye mali wakaanza kumiminika kuyaoga na hata kuyanywa. Akaja mwana wa mfalme mwaka 1783, yule aliyetawala baadaye kwa jina la George IV, akaupenda mji hata akajijengea humo kasri iitwayo Royal Pavilion, ambayo msanifu John Nash aliivika makuba na minara ya mtindo wa Kihindi. Na reli ya kutoka London ilipofika mwaka 1841, starehe iliyokuwa ya wateule ikawa ya kila mwenye nauli. Mwaka 2000 Brighton na jirani yake Hove zilipewa kwa pamoja hadhi ya jiji.

Reli hiyo ndiyo inayomchorea mpangaji njia yake. Stesheni imejengwa juu ya mwinuko, bahari iko chini, na baina yao ni mwendo wa robo saa hivi kwa mtu asiyesimama popote. Maadamu wageni watafika kwa treni mbalimbali, na daima mmoja wao atachelewa, ni busara baa ya kwanza iwe jirani na stesheni, ili aliyechelewa asihangaike kuwatafuta wenzake katika mji asioujua, kisha kundi literemke taratibu kuelekea baharini, kila kituo kikiwa chini ya kile kilichotangulia. Mpango huu una fadhila nyingine: hata aliyepotea njia anajua kwamba akiteremka atafika ufukweni. Mwinuko wa kurudia, ambao hakuna aufurahiaye usiku, utakuwa na tadbiri yake mwishoni.

Kabla ya hayo yote, itazamwe kalenda. Timu ya Brighton & Hove Albion inapocheza nyumbani, katika uwanja wa Falmer nje kidogo ya mji, treni na baa hufurika; mwanzoni mwa Agosti, wakati wa sherehe za Pride, umati ni mkubwa hata kutembea barabarani kunakuwa taabu; na Jumapili ya kwanza ya Novemba huingia msafara wa magari ya kale yanayotoka London, ambao ni jambo zuri la kuliona, lakini si siku ya kutafutia meza ya watu kumi. Mchana wa Juni ni mrefu, jua likitua baada ya saa tatu za usiku, ilhali Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni na upepo wa baharini hupenya kila vazi. Mimi ningechagua Jumamosi ya Mei isiyo na mechi, na ningeanza saa tisa alasiri.

Kituo cha kwanza kinachonipendeza ni Evening Star, katika mtaa wa Surrey Street, hatua chache tu kutoka stesheni. Ni baa ndogo isiyo na mapambo mengi, lakini ndani ya chumba chake cha chini, katika miaka ya 1990, ndimo kilimoanza kiwanda cha bia cha Dark Star, ambacho jina lake lilienea sehemu nyingi za Uingereza. Hapa ndipo mgeni aonyeshwe bia ya pipa. Bia hii, tofauti na ile ya chupa tuliyoizoea, huendelea kuchachuka ndani ya pipa lenyewe, katika ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13, wala haisukumwi kwa gesi: mhudumu hushika mpini mrefu uliosimama juu ya kaunta, akauvuta kwa nguvu ya mkono mpaka ukamkaribia kifuani, akauachia urudi, akauvuta tena, na kila mvuto hutoa mkondo wa rangi ya kahawia unaoijaza glasi hali umevurugika kwa povu, kisha ile vurugu hujituliza yenyewe polepole, kuanzia chini kupanda juu, mpaka bia yote iwe safi na juu yake pabaki utando mwembamba mweupe. Aliyelelewa na bia ya barafu atalalamika kwamba hii haikupoa. Asiharakishwe, ubaridi mkali huificha ladha, na bia hii imetengenezwa ili ladha yake ionekane. Ilikuwa inasukumwa pembeni na bia za viwanda vikubwa mpaka wapenzi wake walipounda mwaka 1971 chama cha kuitetea, kijulikanacho kwa jina la CAMRA, na leo hii ni fahari ya baa nyingi za mji huu.

Ifahamike pia kwamba katika baa ya Kiingereza aghalabu mhudumu haji mezani. Mtu huenda mwenyewe kaunta, husimama bila ya foleni, na mhudumu kwa kumbukumbu yake hujua nani aliyetangulia. Kupiga mluzi, kugonga kaunta au kupunga noti hewani ni utovu wa adabu utakaomfanya mtu ahudumiwe wa mwisho.

Na katika kaunta hii ya kwanza ndipo linapojitokeza suala gumu kuliko yote ya siku ile, nalo ni la nani alipe. Desturi ni ya raundi: mmoja huwanunulia wote, kisha wa pili huwanunulia wote, mpaka zamu iwazungukie wote, na mtu akipokea za wenzake kisha akatoweka zamu yake ilipofika, jambo hilo hukumbukwa kwa miaka. Ni desturi ya ukarimu na usawa, nami naipenda. Lakini ina hatari iliyofichika, maana katika kundi la watu wanane raundi kamili ni glasi nane kwa kila mmoja, na hapana atakaye kuondoka kabla ya kulipa deni lake au kabla ya kulipwa. Hatari hiyo iliwahi kuitia wasiwasi hata dola: mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilipiga marufuku katika sehemu nyingi za nchi mtu kumnunulia mwenziwe kinywaji, kwa kuona kwamba ofa hizo ndizo zinazowazidishia ulevi wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Mpangaji hana haja ya kuweka marufuku. Ama awagawe wenzake katika vikundi vya watatu au wanne, kila kikundi na raundi zake, ama, na hili ndilo bora kwa kundi lisilojuana vizuri, uwekwe mfuko mmoja, kila mtu achange mwanzoni, na mtu mmoja muaminifu awe mweka hazina. Painti moja katika baa nyingi za Brighton sasa inapita paundi tano. Mchango wa paundi 20 kwa mtu, bila ya chakula, utatosha kwa mpango ninaoueleza, na wale wasiotumia kileo watoe nusu yake, kwa kuwa si haki mnywa maji ya ndimu alipie bia za wengine kwa sababu tu amekaa nao meza moja.

Kutoka hapo njia inateremka hadi North Laine, mtaa wa maduka madogo ya nguo kuukuu, vitabu na sahani za santuri, na katika kona moja ya Gloucester Road iko Basketmakers Arms. Kuta za baa hii zimefunikwa kwa makopo ya zamani, ya biskuti, ya tumbaku na ya dawa, yaliyopachikwa kila palipo na nafasi, na ndani ya makopo hayo wateja huacha vijikaratasi walivyoandika wenyewe. Mtu aliyekaa hunyoosha mkono, akafungua kifuniko kwa ukucha, akatoa tita la karatasi zilizokunjwa, akaanza kuzisoma: huenda akakutana na salamu za mapenzi, au swali linalongoja jibu, au mchoro wa haraka, au majina ya watu waliopita siku moja na wakataka ijulikane kuwa walipita. Naiweka baa hii ya pili kwa makusudi. Katika kundi lolote wamo wasiofahamiana, na katika saa ya kwanza husemezana kwa haya; lakini karatasi ya mtu asiyejulikana, ikisomwa kwa sauti mezani, huwapa wote jambo la kuzungumza, na kabla haijarudishwa koponi haya imekwisha. Mwenye kutaka aandike yake. Kalamu na karatasi ziwemo mfukoni mwa mpangaji.

Hapa pia ndipo pa kula, na meza iagizwe kwa simu siku kadhaa mbele, tena kwa idadi ya kweli, maana baa hizi ni ndogo, na watu kumi wanaozuka mlangoni bila ya taarifa huwabughudhi wenyeji waliokaa kwa raha zao, huenda hata wakakataliwa. Chakula kisiachwe mpaka mwisho. Tumbo tupu hupitisha kileo upesi katika damu, na tofauti baina ya kundi lililokula saa kumi na moja na lile lililongoja kula saa nne usiku huonekana katika nyuso zao.

Sasa hesabu ya glasi. Madaktari wa Uingereza hukipima kileo kwa vipimo, kila kimoja kikiwa mililita 10 za alkoholi halisi, na nasaha iliyotolewa mwaka 2016 ni kwamba mtu, mwanamume au mwanamke, asizoee kupita vipimo 14 kwa wiki nzima, tena avigawe katika siku tatu au zaidi. Painti, ambayo ni mililita 568, ikiwa ya bia yenye nguvu ya asilimia 4, ina vipimo viwili na robo hivi. Kwa hiyo painti tano katika jioni moja ni vipimo zaidi ya 11, yaani karibu riziki ya wiki nzima, ilhali nusu painti katika kila baa ya baa nne ni vipimo vinne na nusu tu. Mwili nao huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Mwenye kuzioanisha hesabu hizi ataona kwamba baa nne kwa saa tano, nusu painti kila moja, chakula katikati na glasi ya maji kila kituo, humpa mtu ladha nne mbalimbali akabaki na akili yake. Nusu painti inauzwa kila baa na hapana aibu yoyote katika kuiagiza. Wanaojua bia kweli ndio waiagizao zaidi, kwa kuwa wanataka kuonja nyingi. Mimi siwakubali wapangaji wanaohesabu baa kumi na mbili kwa usiku mmoja. Baa ya nane hakuna anayeikumbuka.

Kituo cha tatu ni Colonnade, katika New Road, ubavuni mwa jumba la maonyesho la Theatre Royal lililofunguliwa mwaka 1807, na mbele yake ziko bustani za Royal Pavilion, ambamo kundi linaweza kupunga hewa kwa nusu saa kabla ya kuingia. Kasri hii ina habari ambayo kila mpangaji angefaa kuijua. Tangu mwishoni mwa 1914 hadi mwanzoni mwa 1916 ilikuwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa katika vita vya Ufaransa na Ubelgiji, na waliosimamia hospitali ile waliweka majiko mbalimbali kwa kufuata dini na tabaka za majeruhi, na maji ya Waislamu wakayatenga na ya Wahindu, ili asiwepo mgonjwa wa kulazimika kula au kunywa kinyume cha imani yake. Ikiwa hilo liliwezekana katikati ya vita, seuze katika matembezi ya marafiki wanane?

Basi Mwislamu aliyealikwa na wenzake wa kazini, na Mkristo aliyejiwekea nadhiri, na mwenye dawa zisizopatana na kileo, na mama mjamzito, wote watiwe katika mpango tangu mwanzo, wasifanywe kuwa wa kuambatana tu. Wako wanaojizuia hata kukaa mahali panaponywewa kileo, na hao wasishurutishwe wala wasibishiwe. Waelezwe saa ya chakula na saa ya ufukweni, wakutane na kundi nje ya baa, kwenye mgahawa au bustanini. Kwa wanaoingia, kaunta ina mengi: maji ya ndimu kwa soda, soda ya tangawizi, toniki, juisi, na aghalabu kahawa. Bia zinazouzwa kuwa hazina kileo nazo zimezidi kuwa nyingi, lakini baadhi yake hubaki na kiasi kisichozidi nusu ya asilimia moja, kwa hiyo mwenye kujizuia kabisa asome maandishi ya chupa. Asome pia vifuko vya vitafunwa, maana vimo vya ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, na wengi wamevila kwa kutojua. Na asiwepo wa kumuuliza mtu, mara ya pili, kwa nini hanywi.

Sheria nayo ina maneno yake. Kwa mujibu wa sheria ya leseni ya mwaka 2003, aliye chini ya miaka 18 hauziwi kileo, na baa nyingi humtaka kitambulisho kila anayeonekana yuko chini ya miaka 25, kwa hiyo wenye nyuso changa wabebe pasipoti au leseni ya udereva, kwani picha ya kitambulisho katika simu mara nyingi haikubaliwi. Ni kosa mhudumu kumuuzia mtu aliyelewa. Na, jambo wasilolijua wengi, ni kosa vilevile kwa rafiki kumnunulia kinywaji humo baani hali akijua kuwa amekwisha kulewa. Mhudumu akisema basi, ni basi, na mpangaji awe wa kwanza kumuunga mkono.

Kutoka New Road njia huingia katika The Lanes, mtandao wa mapito membamba yaliyosalia kutoka mji wa zamani, ambamo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja atajihisi yuko kwao: kuta zinazokaribiana, kona inayoficha kona, na njia inayomtoa mtu pale pale alipoingilia. Madirisha ya masonara hung'aa pande zote, na kundi hukatika vipande kwa urahisi. Mmoja atangulie anayeijua njia, na mwingine mwenye subira afunge nyuma, asimwache mtu wa kufunga kiatu wala wa kutazama pete. Mwisho wa mapito hayo, katika Black Lion Street, iko The Cricketers, ambayo hujinasibu kuwa ndiyo baa kongwe ya mji, ikitaja mwaka 1547, na ambayo mwandishi Graham Greene aliitia katika riwaya yake Brighton Rock ya mwaka 1938. Ni kituo cha nne, na kwa rai yangu cha mwisho kwa kileo. Palipokuwa pa wavuvi sasa pana viti vya mahameli vyekundu na taa hafifu, na kundi lililoanza saa tisa litafika hapa saa mbili hivi za usiku likiwa na maneno mengi ya kuzungumza.

Bahari iko dakika chache kutoka hapo, na gati la Palace Pier, lililofunguliwa mwaka 1899, linawaka taa upande wa kushoto. Ufukwe wa Brighton hauna mchanga wa kuutaja, ni kokoto tupu, nazo zimelala kwa mteremko unaoingia ghafla katika kina. Maji ni baridi hata katika Agosti, na wimbi linaporudi huzivuta kokoto zikamtoka mtu miguuni. Sisi tuliokulia pwani ya maji ya vuguvugu ndio tulio katika hatari zaidi, kwa kujiamini kwamba bahari tunaijua. Aliyekunywa, hata nusu glasi, asiingie majini, na mpangaji awe mkali katika hili kuliko katika jambo lolote jingine. Anunue chipsi na chai, watu wakae kwenye kokoto wakitazama.

Marejeo yapangwe kabla ya safari. Saa ya treni ya mwisho ithibitishwe siku ile ile, kwani mwisho wa wiki reli hufanyiwa matengenezo mara kwa mara na abiria wakahamishiwa mabasi, na kundi liazimie treni iliyo mbele ya ile ya mwisho, ili ya mwisho iwe akiba. Aliyechoka asipandishwe mlima kwa miguu. Teksi za mji huu, nyeupe zenye rangi ya samawati ya kijani, ni rahisi kuzitambua, na nauli yake itoke katika mfuko. Asije mtu na gari. Kila mmoja awe na namba ya simu ya mpangaji na ya mwenzake mmoja, na majina yahesabiwe stesheni kabla ya geti, si ndani ya behewa, kwa sababu aliyesahauliwa jukwaani hawezi kuhesabiwa treni ikiwa imeondoka. Ndani ya treni mweka hazina atoe stakabadhi zake, ajumlishe, na salio aligawe papo hapo, akianza na wale waliokunywa soda.